Jicho Limelidhulumu Sikio

Mshairi aendapo kutazama mchezo hutanguliza sikio. Jicho hushiba upesi. Sikio huweka akiba. Kwa mizani hiyo jukwaa, filamu na televisheni vina mashtaka ya kujibu.

Jukwaa lilianza kwa heshima. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na Kiswahili kikabeba hila za wakuu na ghadhabu ya umati. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, ambamo neno likishamtoka msemaji humshinda nguvu. Lakini ngonjera, aliyoistawisha Mathias Mnyampala, iliangukia mikononi mwa wengi walioshika vina wakaacha hoja. Mmoja huuliza ili mwenziwe ajibu jambo lililokwisha kukubaliwa. Mabishano yasiyo na hatari ya kushindwa si mchezo, ni gwaride.

Filamu ina kosa jingine. Nyingi katika zile za video zilizotengenezwa Dar es Salaam tangu miaka ya 2000 zilikamilishwa kwa siku chache, waigizaji wakibuni maneno papo kwa papo. Kubuni si aibu. Malenga naye hubuni mbele ya hadhira, ila nyuma yake ipo miaka ya kuhifadhi mizani na misamiati. Mwigizaji asiyepewa akiba hiyo hulia, hufoka, kisha hurudia alilolisema.

Televisheni, iliyofika Tanzania Bara mwaka 1994, huingia mpaka chumbani, kwa hiyo dhambi yake ni nzito zaidi. Huonyesha tamthilia za kigeni, za Uturuki miongoni mwake, zilizotiwa sauti za Kiswahili. Sentensi hukatwa au hunyoshwa ili itoshe midomo ya mgeni. Mtoto anayekua akisikiliza lugha hiyo kila jioni atadhani ndiyo lugha ya mapenzi na hasira.

Husemwa kwamba watazamaji wanaridhika. Hoja hiyo haina miguu: mtu hawezi kudai chakula asichowahi kuonjeshwa. Wala washairi wasijitie usafi. Wengi wao wamekaa barazani wakicheka, na kazi ya maneno wakawaachia wasioipenda.

Dawa ni kwamba mshairi aitwe kabla kamera haijawashwa, alipwe kama alipwavyo mpiga picha, na mchezo usomwe kwa sauti gizani. Ukisimama bila picha, upigwe picha. Usiposimama, urudi kwa mwandishi.