MSHAHARA ULIOCHELEWA NAO UZAE RIBA

Ndugu Wafanya Kazi,

Matajiri wetu wanajua sana thamani ya siku. Mteja akichelewa kulipa ankara, huandikiwa barua, na chini yake kuna riba ya kila mwezi uliopita. Sisi hatukatai. Deni ni deni. Tunauliza hili tu: mbona fedha yetu ikikaa kwa tajiri haizai kitu?

Tazameni hesabu. Tuseme mteja, ambaye ni kampuni, anadaiwa Shs. 100,000/-, na mapatano ni mbili kwa mia kila mwezi. Akichelewa miezi mitatu, ataongeza Shs. 6,000/-. Kwa sheria ya Kenya riba hiyo ni pato, na kampuni inayoipokea hutozwa kodi ya mapato thelathini kwa mia, yaani Shs. 1,800/-. Inabakiwa na Shs. 4,200/-. Naye mteja, ikiwa deni lilikuwa la biashara yake, huiandika 6,000/- ile katika gharama kabla ya kodi kuhesabiwa. Ikiwa amepata faida mwaka huo, kodi yake hupungua kwa Shs. 1,800/-. Basi aliyechelewa amepunguziwa mzigo.

Sasa mtazameni mfanya kazi. Mshahara umechelewa wiki tatu. Mwenye nyumba anadai pango, na juu yake faini. Mwenye duka amefunga daftari la mkopo. Mtoto amerudishwa kutoka shuleni. Faini ile mfanya kazi hana ruhusa ya kuitoa katika mshahara wake kabla ya kodi. Anaruhusiwa riba ya mkopo wa nyumba yake anayokaa mwenyewe, mpaka Shs. 360,000/- kwa mwaka. Wangapi kati yetu wana nyumba ya namna hiyo? Na mshahara ukifika, ni ule ule, bila senti moja zaidi, na kodi imekwisha katwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mshahara wa mwezi ulipwe mwisho wa mwezi, na asiyelipa anafanya kosa. Lakini haikuandika riba ya kuchelewa. Anayeitaka aende mahakamani akaombe. Serikali ikicheleweshewa kodi haiombi: hutoza moja kwa mia kila mwezi, kwa Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Serikali imelindwa, tajiri amejilinda kwa ankara yake. Nani amebaki?

Matajiri watasema: "Wateja hawajatulipa." Tunajibu: mteja huyo mmemtoza riba. Sisi tulisubiri pamoja nanyi, tukala deni kwa ajili ya kusubiri huko. Kwa nini riba yote ibaki kwenu? Na msiseme mtaumia. Hoja yetu ni kwamba malipo hayo ni gharama ya kazi kama mshahara wenyewe, nayo yahesabiwe hivyo kabla ya kodi. Nasi kodi ya sehemu yetu hatutaikimbia.

Kwa hiyo tunataka mapatano yajayo yawe na kifungu hiki: mshahara ukichelewa, uzae riba kwa kiwango kile kile kilichoandikwa katika ankara za kampuni.

Kila memba aandike tarehe aliyolipwa, mwezi kwa mwezi, aje nayo mkutanoni. Tajiri ana daftari lake. Nasi tuwe na letu.

UMOJA NI NGUVU.

Halmashauri ya Chama