Tenisi ya udongo, bando la siku na ukurasa wa kamari

Leo naweka kando simu mpya na lugha za programu ili nizungumzie tenisi ya wanaume, hasa ile inayochezwa kwenye viwanja vya udongo mwekundu, na namna mtu aliyeko Kitui au Makueni anavyoweza kuifuata. Usikimbie, kompyuta zimo humu humu.

Dai langu ni hili. Shabiki mwenye bando dogo hahitaji video ili kufuata mashindano. Anahitaji matokeo ya maandishi, pointi kwa pointi, kwenye ukurasa unaofunguka. Sisi waunda programu tumeshindwa kumpa ukurasa huo, na kampuni za kamari zimempa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Kwanza, kwa nini udongo? Sababu ya kwanza ni saa. Mashindano makubwa ya udongo, yaani Monte Carlo, Madrid, Roma na Roland Garros kule Paris, huchezwa kati ya Aprili na Juni, wakati saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa moja tu. Mechi inayoanza 11:00 Paris kwetu ni saa sita mchana. Linganisha na Australia, ambako 11:00 ya Melbourne mwezi Januari ni saa tisa usiku kwetu, au mechi za jioni za New York zinazoanza saa nane usiku tukiwa tumelala. Msimu wa udongo unamfaa mtu wa Wote au Mwingi anayepaswa kuamka kwenda kazini.

Sababu ya pili ni mchezo wenyewe. Udongo huupunguza mpira kasi na kuufanya uruke juu, kwa hiyo anayeseva hapati pointi za bure kama kwenye nyasi. Mwenzake anaurudisha, wanavutana, na gemu hubadilika mikono mara nyingi. Ukisoma kwamba mtu anaongoza 4–1, usifunge simu, bado. Matokeo matupu ya udongo yana hadithi ndani yake.

Chukua fainali ya Roland Garros ya tarehe 8 Juni 2025. Jannik Sinner alikuwa anaongoza seti mbili kwa moja, na katika seti ya nne akawa mbele 5–3 na 0–40 Carlos Alcaraz akiseva. Pointi tatu za ubingwa, anahitaji moja tu. Alcaraz aliziokoa zote, akashinda 4–6, 6–7, 6–4, 7–6, 7–6 baada ya saa 5 na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Na jambo la ajabu: Sinner alishinda pointi 193, Alcaraz 192. Aliyeshindwa alikuwa na pointi moja zaidi. Hadithi yote hiyo imo kwenye tarakimu.

Sasa hesabu. Video ya kiwango cha 480p hula takriban MB 600 kwa saa. Kwa saa tano na nusu hiyo ni zaidi ya GB 3, kwa mechi moja. Maandishi je? Mechi ilikuwa na pointi 385. Kila pointi ukiituma kwa baiti 100, ambazo zinatosha majina mawili, seti, gemu na nani anaseva, jumla haifiki KB 40. Tuzidishe mara tano kwa ajili ya vichwa vya HTTP na mengineyo: KB 200 hivi. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaweza kuwa nzito kuliko hiyo. Hali nzima ya mechi wakati wowote inaingia kwenye SMS moja ya herufi 160, na nafasi inabaki.

Lakini fungua tovuti nyingi za michezo leo. Kabla ya kukuonyesha 6–4 zinapakua fonti, video inayojichezesha, matangazo na vifuatiliaji. Halafu kuna ule msimbo wa kuuliza seva ya kompyuta kila baada ya sekunde tano kama kuna jipya. Mechi ya saa tatu ni maswali 2,160, na mengi hujibiwa "hakuna".

Mtu aliyeandika msimbo huo hajasoma sheria za tenisi. Mchezaji ana hadi sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine. Wanapobadilishana upande wana sekunde 90, na kati ya seti 120. Yaani mchezo wenyewe unakupa ratiba. Wakianza kubadilishana upande, nyamaza dakika moja na ushei. Mvua ikinyesha, uliza kila baada ya dakika tano. Au tumia njia ya seva kusukuma habari pointi inapoisha, na ETag ili jibu la "hakuna jipya" lije tupu. Hii si sayansi ya roketi, ni kumhurumia mwenye simu.

Na mwenye simu huyo namjua. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui sasa ni lami, imeunganisha kaunti hizi mbili vizuri sana. Ukiipita ukiwa na simu mkononi utaona mtandao ukipanda mjini na kushuka kati ya mji na mji. Ajabu ni kwamba Konza, ule mji wa teknolojia wa ekari 5,000 wenye kituo cha taifa cha data, uko ndani ya Makueni. Seva tunazo karibu. Ukurasa mwepesi ndio hatuna.

Samahani, ninao mmoja. Ukurasa wa matokeo ya tenisi unaofunguka haraka kuliko yote kwenye simu yangu ya bei nafuu ni wa kampuni ya kamari. Ni mwepesi, hauna mapambo, unabadilika kwa wakati. Wahandisi wake walifanya kazi nzuri, kwa sababu kila sekunde ya kuchelewa ni pesa iliyopotea. Kando ya kila tokeo kuna kitufe cha kuweka dau. Kijana aliyetaka tu kujua kama Alcaraz ameokoa pointi ya ubingwa amepelekwa dukani bila kuomba.

Jambo hili si dogo katika tenisi. Mwaka 2018 jopo huru lililochunguza uadilifu wa mchezo huo lilipendekeza mauzo ya data rasmi ya pointi za moja kwa moja yasitishwe kwenye mashindano ya ngazi ya chini, kwa sababu data hiyo ilifungua kamari kwenye mechi za wachezaji wasiopata hata nauli, na upangaji wa matokeo ukafuata. Data ile ile ya baiti 100 ikiwa mikononi mwa shabiki ni burudani, ikiwa mikononi mwa mcheza kamari ni mtego.

Na ngazi za chini ndizo zilizo karibu nasi. Mwaka 2024 Kigali iliandaa mashindano ya kwanza ya ATP Challenger nchini Rwanda, wiki mbili kwenye udongo. Kamil Majchrzak wa Poland alichukua wiki ya kwanza, Marco Trungelliti wa Argentina ya pili. Huko wachezaji wa Afrika Mashariki wanaweza kupewa nafasi ya mwaliko dhidi ya watu wanaoishi kwa tenisi. ATP huonyesha mechi za Challenger bure kwenye intaneti, na nawapa heko. Lakini bure ya video si bure ya bando. Nao ratiba yao husema "baada ya mechi iliyotangulia", hivyo hujui mechi yako itaanza lini. Utaiacha video ikila bando ukisubiri?

Nakubali, maandishi hayakuonyeshi mchezaji akiteleza kwenye udongo, wala mwamuzi akishuka kitini kuangalia alama ya mpira. Kwa fainali, tafuta televisheni. Lakini mashindano ni wiki nzima au mbili, na Jumanne mchana watu wana kazi.

Kwa hiyo naomba wenzangu wa taaluma mambo matatu. Moja, tokeo liwe ndani ya HTML yenyewe, lisomeke hata JavaScript ikizimwa. Pili, saa za mechi zionyeshwe kwa saa za msomaji. Kigali saa nne asubuhi ni Kenya saa tano, na hesabu hiyo ni kazi ya mashine. Tatu, pale mwenye mashindano anapokubali, matokeo yapite kwa USSD au SMS. Zana zipo, Africa's Talking wa Nairobi wana API za zote mbili.

Waandaaji wa mashindano ya hapa Afrika Mashariki nao watoe data hiyo kwa mashabiki bila kinyongo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa KB 200, mtoto wa Ikutha anaweza kuwepo.

Ninaandika kijiprogramu kidogo cha namna hiyo, na msimbo nitauweka wazi. Anayetaka kusaidia anajua pa kunipata.