LED, mkweche wangu na barabara ya Lamadi

Kimya changu cha wiki mbili kina sababu. Nilikuwa napigana na gari.

Mkweche wangu mnaujua, Corolla ya mwaka 1997. Taa zake zilikuwa zimefifia, rangi ya chai ya maziwa. Sasa toka Lamadi uje Bariadi usiku na taa za namna hiyo... Unakutana na mkokoteni wa ng'ombe usio na kiakisi hata kimoja, baiskeli haina taa, mzee anarudi mnadani amevaa koti jeusi. Unaendesha huku unasali.

Nikaona vijana mjini wote wamehamia LED. Nyeupeee! Muuzaji anakwambia ni kutoa hii na kuweka hii, basi. Nikabadilisha zote, mbele, nyuma mpaka indiketa.

Indiketa ndizo zilizoanza vituko. Tiki-tiki-tiki kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Kumbe kile kidude kinachozizima na kuziwasha, flasha, kwenye gari nyingi za zamani kinategemea umeme unaopita kwenye balbu. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21, LED inakula wati chache tu. Flasha ikiona mzigo umepungua inadhani balbu imeungua, inakimbia ili dereva ashtuke. Kwa hiyo gari halikuharibika, lilikuwa linanipa taarifa. Zile za zamani zaidi, zenye flasha ya joto, indiketa inaweza kuganda kabisa.

Dawa yake ni kununua flasha ya LED. Fundi wangu akaona anajua zaidi, akafunga rezista ili kuidanganya flasha. Rezista ya omu 6 kwenye volti 12 inavuta ampea 2, yaani wati 24 za joto tupu kila indiketa inapowaka. Yeye akaibana kwenye plastiki nyuma ya taa. Siku ya tatu nikasikia harufu... (Umenunua balbu inayobana umeme, halafu unafunga kitu cha kuupoteza. Akili zetu hizi!)

Ikaja zamu ya breki. Nikikanyaga, taa za dashibodi nazo zinawaka. Balbu ya nyuma ina njia mbili, ya breki na ya taa ndogo, na hizi LED za bei ya mnadani huvujisha umeme kutoka njia moja kwenda nyingine.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini usiku mmoja karibu na Dutwa, bodaboda aliyekuwa anakuja mbele yangu alitoka nje ya lami na kuanguka. Nilishuka mbio. Alikuwa mzima, ashukuriwe Mungu. Akakung'uta suruali, akaniangalia, akauliza, "Kaka, wewe unaona. Sisi je?"

Sikuwa na jibu. Taa ya gari ya zamani imetengenezwa kwa kufuata mahali ulipo ule uzi wa balbu ya halojeni. Ukiweka LED ambayo mwanga wake unatokea sehemu tofauti kidogo, kioo kinautawanya kwenye macho ya watu. Uingereza tangu 2021 gari likienda kukaguliwa na LED kwenye taa ya halojeni linafelishwa. Ujerumani mwaka 2020 waliruhusu LED ya Osram, lakini kwa modeli zilizopimwa moja moja. Sisi tunapima kwa kuangalia ukuta wa gereji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuihitaji. Fundi mzee mmoja pale Somanda alichomeka mita. Kwenye betri, injini ikiwaka, volti 14. Kwenye taa, 12.4. Zilizobaki zilipotelea kwenye waya zilizochoka na sehemu ya kufungia ethi iliyojaa kutu. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga wa halojeni unapungua karibu asilimia 30. Akasugua ethi, akafunga rilei na waya mnene kutoka kwenye betri, akang'arisha vioo, akarudisha H4 zangu za wati 60/55. Naona vizuri, na sijapigiwa fulu tangu siku hiyo.

Sisemi LED ni mbaya. Gari lililozaliwa nazo lina flasha yake na kioo chake. Ninachopinga ni kumuuzia mtu balbu bila kumwambia gari lake limefungwa vipi.

Na ninyi wenye Land Rover za zamani, msiguse ile taa ndogo nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Kwenye nyingi, umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoamsha alteneta. Weka LED pale, alteneta inaweza isichaji, na utajua betri imekwisha ukiwa katikati ya pori.

LED zangu zipo kwenye droo. Msiniombe, siuzi wala sigawi.