Kitale wanatembeza wageni, Webuye hakuna wa kukutembeza

Mpwa wangu yuko Abu Dhabi, anafanya kazi ya ghala. Alipopata likizo fupi nauli ya kurudi Mombasa ilimshinda, akaungana na wenzake wakaenda Georgia, ile nchi ndogo ya Kaukazi iliyokuwa zamani ndani ya Muungano wa Kisovieti. Huko walilipia matembezi ya siku moja pamoja na mtu wa kuwaongoza. Asubuhi walikuwa Kutaisi, mji wa kale, wakaiona monasteri ya Gelati iliyoanza kujengwa mwaka 1106. Mchana wakapelekwa Tskaltubo, hapo jirani, ambako Wasovieti walijenga majumba makubwa ya mapumziko juu ya chemchemi za maji ya uvuguvugu. Stalin mwenyewe alikuwa na chumba chake cha kuogea. Muungano ulipovunjika mwaka 1991 wageni walikatika. Kisha vikaja vita vya Abkhazia vya 1992 na 1993, na maelfu ya wakimbizi wakaingizwa katika vyumba vile vya hoteli, wengine wakazeekea humo.

Alinitumia picha. Ngazi za marumaru zimeota miti, nguzo zimepasuka, bwawa la kuogelea limejaa majani. Nikamwandikia, mbona hii naijua? Si Malindi hii? Akanijibu: "Mjomba, tofauti ni kuwa hapa unapata mtu wa kukueleza."

Neno hilo lilinikaa, nikaenda nalo mpaka Kitale.

Nilikuwa nimealikwa harusi. Harusi ilipokwisha, shemeji yangu, ambaye ameishi Trans Nzoia zaidi ya miaka thelathini, akasema hataniacha nirudi Pwani bila kuona kitu. Akakodi gari. Mpango wake ulikuwa asubuhi Kitale, mchana Webuye, jioni Bungoma, na usiku nipande basi.

Jumba la makumbusho la Kitale lina habari yake. Lilianza na mlowezi mmoja, Hugh Stoneham, aliyekuwa hodari wa kukusanya vipepeo, ndege, vitabu na vyombo vya watu wa pande zile. Mwaka 1926 alilifanya jumba la makumbusho, na alipofariki miaka ya 1960 akausia mkusanyiko wake ubaki kwa umma. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1974, na lilikuwa la kwanza la aina yake bara nje ya Nairobi. Unalipa, unapewa tiketi, anakuja kijana nadhifu anayejua kazi yake. Alitupitisha kwenye nyumba za jadi, nyoka, kobe, na njia ya msituni chini ya miti mikubwa ambayo peke yake inatosha safari.

Kijana yule alipojua natoka Mombasa alitabasamu, akasema kwa adabu: "Mzee, basi nyinyi mlishapita hapa zamani." Alikuwa anazungumzia misafara. Inasimuliwa Kitale kwamba mahali penye klabu ya walowezi ndipo misafara ya watumwa ilipokuwa ikitua kabla ya kushuka pwani. Mji wenyewe ulikuja baadaye, na reli ya tawi kutoka Eldoret ilifika mwaka 1926. Lakini kabla ya reli kulikuwa na njia, na njia ile ilikanyagwa na watu wetu. Joseph Thomson aliondoka Mombasa mwaka 1883 na wapagazi wa Kiswahili, akafika kwa Mumia na kupanda mpaka mapango ya Mlima Elgon akifuata habari za wafanyabiashara wa pwani waliomtangulia. Mumias hadi leo ina misikiti na familia ambazo ukizisikiliza lafudhi zake utasema hujatoka Majengo.

Sikuona haya kumsikiliza, ingawa nilikuwa na sababu. Sisi wenyewe Shimoni tunalo pango na tunawaingiza wageni na kuwaeleza minyororo ilifungwa wapi. Ni historia ya aibu lakini inasemwa, kwa tiketi na kwa sauti. Nikamuuliza kijana swali dogo: reli ile iliyofika 1926, mbona haina gari la abiria? Akasema hilo si sehemu ya maelezo yake. Hakukasirika. Maelezo yake yalikuwa na mwisho wake, na mwisho ulikuwa hapo.

Kutoka Kitale tulishuka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, mpaka Webuye. Juu ya mji kuna vilima vya Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijikinga ndani ya ngome yao ya udongo dhidi ya kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Hobley. Katika kikosi kile walikuwamo Wasudani, Waganda, na Waswahili pia. Shemeji alinionyesha kwa kidole kupitia dirisha la gari. Hapo pia ungepata mtu wa kukueleza, kila mwanafunzi wa Bungoma anaijua.

Chini ya vilima hivyo hivyo kuna kiwanda cha karatasi.

Msomaji wa rika langu analijua jina la Pan Paper hata kama hajawahi kuvuka Mto Athi. Daftari tulizoandikia shuleni zilitoka pale. Kiwanda kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, ubia wa serikali ya Kenya, mkono wa kibiashara wa Benki ya Dunia, na kampuni ya karatasi ya India iitwayo Orient Paper Mills. Mji wa Webuye, ambao zamani wazungu waliuita Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia, ulikua kwa kiwanda kile. Moshi wake ulinuka yai viza na ulikula mabati ya nyumba mpaka yakatoboka, na watu walilalamika, lakini walikula. Mwaka 2009 kikafungwa na madeni yake, kikawekwa chini ya mrasimu. Serikali ikajaribu kukiamsha, hakikuamka. Mwaka 2016 kikauzwa kwa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900, kikafunguliwa tena kwa jina la Rai Paper, kwa kiwango ambacho si kile cha zamani, na waliokuwa wafanyakazi wa kampuni ya kwanza wakaendelea kudai haki zao mahakamani na barabarani.

Tulisimama ng'ambo ya barabara tukitazama mabomba. Hapakuwa na kibao wala kijana nadhifu wa tiketi. Mlinzi alitutazama mara moja, akatutazama mara ya pili, shemeji akasema tusogee. Tukaingia kibanda cha chai, na mzee mmoja aliposikia tunauliza habari za kiwanda akajisogeza na kikombe chake. Alifanya kazi humo miaka ishirini na kitu. Huyo ndiye aliyenitembeza Webuye, akiwa ameketi. Alinieleza magogo yalivyoingia na karatasi ilivyotoka, zamu tatu, king'ora kilicholiamsha soko, na jinsi siku ya kufungwa watu walivyorudi kesho yake kusimama getini kwa mazoea tu. Kisha akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na karatasi zake za mshahara, zimepangwa kwa mwaka. Anatembea nazo. Alisema hajui ni lini mtu atamwita.

Nzoia sitaikawiza. Kiwanda cha sukari cha serikali, kilichoanzishwa 1975, kiko karibu na Bukembe kabla hujafika Bungoma mjini. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vinne vya sukari kwa miaka 30, na Nzoia kikaenda kwa West Kenya Sugar, ambayo nayo ni ya familia hiyo hiyo ya Rai. Wafanyakazi walikuwa na malimbikizo ya mishahara, serikali ikaahidi kuyalipa. Nasema tu kuwa sehemu zote mbili nilizipita mchana mmoja, na katika sehemu zote mbili neno nililolisikia kabla ya mengine lilikuwa "malimbikizo".

Usiku ndani ya basi nilikuwa nahesabu tarehe. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inaposema kitu cha kale, yaani kitu kinachoweza kuhamishwa, inamaanisha kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka wa Chetambe. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ina hesabu yake: mfanyakazi anayedai mshahara au kiinua mgongo ana miaka 3 ya kufungua kesi tangu haki yake ilipovunjwa. Baada ya hapo mlango wa mahakama umefungwa. Kati ya kufa kwa dai na kuzaliwa kwa turathi kuna zaidi ya miaka mia ambayo jengo si la mtu wa historia wala si la mfanyakazi. Ni la mwenye hati na mwenye subira.

Ndiyo maana naona kijana wa Kitale alikuwa huru kunieleza habari za minyororo lakini si za reli. Hakuna atakayefika kwenye geti la klabu kudai ujira wa babu wa babu yake. Webuye yupo wa kufika, na mfuko wake wa nailoni uko mkononi. Kibao cha maelezo pale kingekuwa ushahidi.

Sasa turudi nyumbani. Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia, tukafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini toka Gede ushuke Watamu, upande Malindi, au uende Bamburi na Diani kusini. Hesabu mageti yenye kufuli na makuti yaliyoanguka. Mei 2014 Uingereza ilipotoa onyo la usafiri, kampuni ya TUI iliwachukua watalii wake kwa ndege kutoka Mombasa katikati ya likizo. Miezi iliyofuata kila mtu wa pwani anajua ilivyokuwa. Kabla ya hapo kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimekufa tangu 1988, na cha korosho cha Kilifi kikafuata miaka ya 1990.

Mimi nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja, jina nalificha. Tuliambiwa twende nyumbani mwezi mmoja, hali ikitulia tutapigiwa simu. Hatukuachishwa kazi, angalia sana hapo, maana kama tungeachishwa, sheria ingetupa siku 15 za mshahara kwa kila mwaka tuliofanya kazi, kwa uchache. Tulisubiri simu. Mwaka wa nne mwenzangu mmoja alikwenda kwa wakili, akaambiwa amechelewa. Hoteli haikufilisiwa, maana mufilisi naye ana utaratibu wake: Sheria ya Ufilisi ya 2015 inautaja mshahara wa miezi minne, usiozidi shilingi 200,000, kuwa wa kulipwa mapema, ingawa benki yenye dhamana ya jengo huwa imeshachukua chake. Pale kwetu hata huo haukuhitajika. Geti lilifungwa tu.

Sasa yapo mazungumzo mengi barazani kuhusu wawekezaji wanaotaka kuyachukua majengo haya, mengine yabomolewe, mengine yawe nyumba za kukodi. Serikali za kaunti za Kwale, Mombasa na Kilifi hutoa vibali vya ujenzi na hukusanya kodi ya ardhi. Katika fomu za kuomba kibali mwombaji huulizwa habari za choo, moto na maegesho. Bado nafasi ipo ya swali moja: waliofanya kazi hapa mwisho ni nani, na wamelipwa? Haihitaji bunge la Nairobi. Mwanasheria mmoja wa kaunti niliyemweleza alisema swali hilo litafukuza wawekezaji. Huenda. Webuye na Nzoia hawakuulizwa, nami nilivyoona Webuye, mwekezaji kuja hakukufuta deni kwa mzee wa kibanda cha chai.

Mpwa wangu alinieleza pia kuwa Georgia wakimbizi wa Tskaltubo wamekuwa wakihamishiwa nyumba mpya na serikali inayauza majumba yale. Mtu aliyewatembeza aliwaonyesha dirisha moja ambalo bado lilikuwa na nguo zimeanikwa, akawaomba wasipige picha upande ule.

Baada ya kufika nilifungua kabati nikatoa bahasha yangu. Karatasi za mshahara ni kumi na tisa, ya mwisho ni ya Aprili 2014. Mke wangu aliuliza nazitafutia nini. Nikamwambia nazipanga kwa mwaka.