Uwanja Una Mwenyewe

Vijana wenzangu wa kalamu, leo naomba niziweke pembeni habari za riwaya na mashairi, niseme na mabwana wa semina. Mniwie radhi nikipandisha sauti.

Jumamosi moja nilitoa shilingi 15,000, hela ya madaftari na nauli, nikaongozana na mshikaji wangu hadi kwenye ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam kusikiliza mada ya ujasiriamali. Mtoa mada alikuwa na suti ya buluu na viatu vya kujitazamia. Akatusimulia. Eti huko Marekani alikuwepo kijana aitwaye Pierre Omidyar, naye alikuwa na mchumba aliyekusanya vikopo vya pipi za Pez, vile vyenye kichwa cha katuni. Mchumba akawa anasononeka, hana watu wa kubadilishana nao vikopo. Basi kijana kwa mapenzi akajifungia na kompyuta yake siku chache, akatoka na mnada wa intaneti. Ndiyo eBay hiyo, ndiyo mabilioni hayo. "Na wewe je," akauliza, "mchumba wako analilia nini?" Ukumbi mzima makofi na vicheko.

Hapo ndipo mshikaji wangu akanyoosha mkono. Nitamwita Fundi, maana hataki jina lake litajwe. Fundi ni wa kidato cha nne kama mimi, programu kajifunza kwenye kompyuta ya kuazima, usiku, umeme ukiwepo. Alikuwa ametengeneza kitu kwa ajili ya akina mama wanaouza mitumba kwa mnada kwenye makundi ya simu. Mama anatuma picha ya gauni, watu wanatia dau chini yake mpaka saa mbili usiku, aliyepanda juu kuliko wote ndiye anachukua. Sasa kazi iko kwenye kufuatilia. Nani alisema 8,000 kwanza? Nani alisema 9,000 halafu akafuta? Nani alishinda juzi na mpaka leo hajalipa? Programu ya Fundi iliyashika yote hayo, ikamwandikia mshindi, ikamkumbusha mdaiwa, ikampangia bodaboda mzigo wa kesho. Shangazi yangu, anayeuza pale Karume, alikuwa mmoja wa wateja wake 17. Kwa mara ya kwanza nilimwona analala kabla ya saa sita.

Usiku mmoja namba ya Fundi ikafungiwa. Mtandao wenyewe sitautaja. Kanuni zao zinakataza ujumbe unaotumwa na mashine, na hakuna aliyempigia simu kumwonya. Majina ya wateja, hesabu, madeni, vyote vilikuwa humo humo. Kwa hiyo pale ukumbini aliuliza swali la mtu aliyeungua: "Ukijenga kitu chako juu ya mali ya mwenzio, halafu mwenzio akafunga geti, unafanyaje?"

Mtoa mada akatabasamu. "Kijana, tatizo lako ni mtazamo. Omidyar hakulalamika."

Makofi tena. Haya ninayoandika ni kwa sababu ya makofi yale ya pili.

Tuanze na vikopo. Hadithi ile ni ya kutunga! Ni kweli mchumba alikuwa navyo, lakini kwamba mnada ulianzishwa kwa ajili yake, hapana. Iliungwaungwa mwaka 1997 na Mary Lou Song, mfanyakazi wa kampuni aliyekuwa akishughulika na waandishi wa habari, kwa sababu waandishi hawakutaka kusikia habari kavu za soko huria. Walitaka mapenzi. Mambo haya yaliwekwa wazi mwaka 2002 katika kitabu cha Adam Cohen kiitwacho The Perfect Store. Zaidi ya miaka 20 imepita, na mtu anatutoza 15,000 kutusimulia uongo ambao wenyewe walishaukiri!

Nikiwa mtu ninayejifunza kutunga, dada Song namvulia kofia. Mimi hadithi zangu zinarudishwa na wahariri na barua ya mistari miwili, na yake imezunguka dunia. Ila namvulia kofia kama mtunzi mwenzangu. Simfanyi kuwa shahidi.

Ukweli hauna mapenzi mengi. Omidyar alipoweka programu yake kwenye intaneti Septemba 1995 ikiitwa AuctionWeb, alikuwa na miaka 28, mtaalamu wa kompyuta mwenye ajira, na kabla ya hapo alishashiriki kuanzisha kampuni nyingine. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu mbovu ya miale ya leza, kwa dola 14.83. Hakika wazo lilikuwa zuri. Alitengeneza uwanja, akawaacha watu wafanye biashara humo.

Lakini uwanja mtupu haujauza gauni hata moja. Hili ndilo mabwana wa semina hawalisemi, na nadhani hawalijui.

Hebu mfikirie mama mmoja wa Marekani mwaka 1998. Ana sanduku la Beanie Babies, vile vidoli vya kitambaa vilivyokuwa homa ya miaka ile, tuseme 40. Anataka kuviuza eBay. Kwanza apige picha, na kama kamera yake ni ya filamu, apeleke ikasafishwe, kisha aipitishe kwenye mashine ya kuiingiza kompyutani. Picha ikiwa tayari, pa kuiweka hana, kwa kuwa eBay ya siku zile haikuwa ikimhifadhia, kwa hiyo atafute mahali pengine kwenye intaneti. Halafu tangazo lake lipate sura, ajifunze alama za HTML, yeye ambaye hesabu za shule zilimtoa jasho. Halafu ajaze fomu. Akimaliza kidoli cha kwanza, aanze upya cha pili. Mara 40! Siku zipite, mnada ufungwe, amwandikie kila mshindi barua pepe: umeshinda, bei hii, posta kiasi hiki, anwani yangu hii. Asubiri hundi ije kwa posta. Asubiri tena benki iikubali. Afunge kifurushi, apange foleni, arudi aandike neno la sifa kwa mnunuzi. Na katika washindi 40 hawakosi watatu wanaonyamaza kimya kama maji ya mtungi.

Huyo mama na shangazi yangu ni ndugu, bahari tu imewatenga.

Sasa walioingia hapo kati ni mafundi. Walitokea miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wenye majina kama AuctionWatch, Andale, Auctiva ya California, na ChannelAdvisor ya North Carolina iliyoanza mwaka 2001. Mmoja alitoa mahali pa kuweka picha. Mwingine alitoa kihesabio cha kuonyesha watu wangapi wamelitazama tangazo, maana muuzaji asiyeona nyuso za wateja hujiuliza kama kuna mtu yeyote dukani. Wengine wakaunda programu ya kuandaa matangazo yote 40 nyumbani kwa utulivu na kuyarusha kwa mkupuo, na ya kumwandikia mshindi bila muuzaji kugusa kitu. Zikaja pia za kuchambua minada iliyopita, ili ujue kidoli kama chako kiliuzwa bei gani juzi, usijitupe.

Uvumbuzi wa namna hii hauanzi na "wazo la mabilioni". Unaanza kwa kukaa karibu na mtu anayeuza na kusikia anapumua kwa nguvu wapi. Pale anaposema "aah!" na kuweka kitu mezani kwa kishindo, hapo pana programu. Sisi tunaotaka kuandika riwaya tungepaswa kuwaonea wivu watu wenye masikio ya namna hiyo.

Hata saa ya mnada ilizaa zana. Kwenye minada yetu dalali haangalii saa, huangalia mikono. Anaita mara ya kwanza, ya pili, na mkono mmoja ukinyooka mambo yanaanza upya. eBay yao inafunga kwa saa iliyopangwa, iwe isiwe. Basi wakatokea watu wakaunda programu za kutia dau sekunde za mwisho kabisa, wenzio wasipate nafasi ya kujibu. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walichunguza hilo katika makala yao ya mwaka 2002, wakalinganisha na minada ya Amazon, ambako dau la mwisho lilikuwa linasogeza muda mbele. Wakaona tabia ya kuvizia ni kubwa zaidi eBay. Kanuni moja tu ya mwenye uwanja, na watu wanabadilika tabia! Lakini hizo ni zana za wanunuzi, nisipotee.

Kanuni ya mwenye uwanja: hapo ndipo swali la Fundi lilipokuwa, na hapo ndipo mtoa mada alipokimbilia mtazamo.

Kampuni iitwayo Bidder's Edge iliwawezesha watu kutafuta kitu katika minada mingi ya intaneti kwa mpigo mmoja. Mashine yake ilikuwa ikiigonga eBay kama mara 100,000 kwa siku. eBay ikaenda mahakamani, na Mei 2000 Jaji Ronald Whyte wa California akatoa amri ya zuio, kwa sheria ya kale inayohusu mtu kuingilia mali ya mwenzake bila ruhusa. Mwaka 2001 Bidder's Edge ikafunga milango. Je, hao nao walikosa mtazamo?

Mwenye uwanja alifungua mlango pia, na nisimnyime haki yake. Mwaka huo huo wa 2000 eBay iliweka utaratibu rasmi wa programu za nje kuzungumza na mnada wake. Wengi walipata riziki humo. Lakini mlango una bawabu, na kanuni za ndani hubadilika. Mwaka 2008, kwa mfano, wauzaji walikatazwa kumwandikia mnunuzi sifa mbaya, na baadhi wakagoma kuuza. Mwenye uwanja naye akatengeneza zana zake. Alitoa Turbo Lister, programu ya kuandaa matangazo kwa wingi, tena bure. Sasa fundi mdogo ashindane vipi na bure ya mwenye nyumba? Na hiyo Turbo Lister yenyewe ikaondolewa mwaka 2017, waliokuwa wameizoea wakatafute pengine. Auctiva, iliyopendwa kwa kutoa huduma bure, ilianza kutoza mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Alibaba ya China, sawa na Vendio, ambayo ndiyo AuctionWatch ya zamani iliyobadili jina. Leo sehemu kubwa ya mauzo ya eBay ni kwa bei iliyopangwa, si mnada tena. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya saa ya mnada alibaki ameshika saa.

Yupo pia Thomas Woolston. Aliomba hataza ya soko la kielektroniki Aprili 1995, miezi kabla AuctionWeb haijazaliwa. Kampuni yake, MercExchange, ikaishitaki eBay kuhusu njia ya kuuza kwa bei iliyopangwa, na mwaka 2003 juri likampa haki na fidia ya dola milioni 35. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 2006 ilisema kushinda kesi ya hataza hakumpi mtu moja kwa moja amri ya kumzuia mwenzake. Mwaka 2008 wakamalizana, eBay ikanunua hataza zenyewe. Sisemi Woolston alionewa, wapo wanaosema watu wa hataza ndio walanguzi hasa. Ninachosema ni kwamba hadithi hiyo ina mashitaka, mabwana wakubwa, miaka mingi ya kupigana, kila kitu ambacho riwaya inataka, na pale ukumbini hatukupewa hata sentensi moja. Tulipewa pipi.

Mtaniambia: wewe kijana, bila uwanja hakuna mnada, na bila mnada huyo Fundi wako angetengeneza nini? Sawa kabisa. Nakubali. Ila mpangaji anayejua kwamba yeye ni mpangaji huweka vyombo vyake karibu na mlango. Fundi hakuambiwa na yeyote kwamba majina ya wateja wake yangepaswa kukaa kwake pia, si kwenye mtandao wa watu peke yake. Hakuambiwa asome kanuni kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Hakuambiwa ajiulize: siku mwenye uwanja akiipenda kazi yangu akaitengeneza mwenyewe, nitabaki na nini? Hayo yanafundishika kwa asubuhi moja. Kwa 15,000 yangefundishika pamoja na chai!

Badala yake kijana aliyetengeneza kitu kilichofanya kazi, kitu kilichomlaza shangazi yangu mapema, aliambiwa mbele ya watu 200 kwamba kichwa chake ndicho kibovu. Kwenye daladala hakusema neno mpaka Mbagala. Wiki nzima hakugusa kompyuta. Mabwana wa semina, mnajua mnachokifanya? Mnamfundisha mtu kwamba akianguka asitazame shimo, atazame roho yake.

Basi. Hasira zangu zimekwisha, kidogo.

Wiki iliyopita Fundi alikuja nyumbani na daftari. Amekaa na shangazi siku mbili, anaandika kila neno analosema na wateja. Safari hii hesabu na majina vitakaa kwenye simu ya shangazi mwenyewe, na ujumbe atautuma yeye kwa kidole chake. Programu itamwandalia tu maneno. Na maneno hayo, bwana, nimepewa mimi niyaandike. Yawe mafupi, yawe ya heshima, yasimkimbize mteja. Tumebishana jioni nzima juu ya moja tu, la mtu aliyeshinda gauni akanyamaza. Mpaka sasa liko hivi: "Dada, gauni lako nimelikunjia pembeni. Saa kumi kesho nikilikuta bado, nitalikunjua."

Shangazi anasema "nitalikunjua" ni kali. Fundi anasema liachwe.