Kalibu ya Risasi Haina Unafuu

Kalibu ya kushindilia vichwa vya risasi za bastola ni kipande cha chuma kigumu kinachobana madini ya risasi, mara nyingi ndani ya gamba la shaba, hadi yapate umbo. Wanaoipigia debe wanadai kwamba mwenye bastola halali akiwa nayo nyumbani atajipatia risasi kwa bei chee, kwani malighafi imejaa tele: chubwi za nyavu ufukweni Bangwe, betri mbovu za magari Ujiji, huko Kigoma.

Hapo kwenye malighafi ndipo hoja inapozama. Kalibu hutaka madini laini na safi. Ya betri mara nyingi huchanganywa na antimoni, huwa magumu, na yaweza kupasua kalibu yenyewe. Bastola ya milimita 9 nayo haisamehe: kichwa kikizidi kipimo chake kwa sehemu ya kumi ya milimita, hakifai. Tena kichwa si risasi kamili. Ganda, fataki na baruti haviokotwi ufukweni. Unafuu uko wapi?

Hutolewa mfano wa Fred Huntington, aliyeanza kazi ya kalibu Oroville, California, mwaka 1943. Huyo alikabili uhaba wa wakati wa vita, kwa bunduki za kuwindia wanyama wadogo, katika nchi yenye sheria zake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na leseni ya kumiliki bastola si leseni ya kiwanda.

Tena vumbi la madini ya risasi hudhuru ubongo wa watoto. Kalibu hii haina nafasi nyumbani.