Mama wa Kwanza Bonga Ni Nani?

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, magari yatokayo Kondoa hupita Bonga kabla ya kuingia mjini. Natamani hapo isimame sanamu ya shaba nyeusi ya akina mama waliofyeka pori, wakalima, wakalea. Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iko pale tangu 1927, mwanamume na bunduki yake. Bibi Titi Mohamed, aliyewavuta wanawake kwa maelfu kuingia TANU kuanzia 1955, akapewa barabara. Lakini Wakenya walimsimamishia shujaa wao Mekatilili wa Menza sanamu yake Malindi.

Shida ni kuamua nani mwanzilishi. Huko Eugene, Marekani, sanamu ya mama mwanzilishi, kazi ya Alexander Phimister Proctor, ilikuwa katika chuo kikuu cha huko tangu 1932. Juni 2020 waandamanaji waliiangusha, pamoja na ya mlowezi mwanamume. Mama yule ameketi kimya na kitabu, hana silaha. Lakini aliwekwa kuwasifu walowezi waliokalia ardhi ya watu wengine, na wajukuu wa walionyang'anywa bado wapo.

Kwetu Manyara jambo hili linauma zaidi. Babati ni kwao Wagorowa. Wairaqw wengi waliteremka kutoka Mbulu katika karne ya 20, Warangi wakapanda kutoka Kondoa. Kule Hanang, Wabarbaig waliona matrekta ya mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, yakipita juu ya makaburi ya wazee wao. Katika mkoa wenye kumbukumbu hizo, sanamu itakayotamka kwamba hawa ndio waliotangulia itageuka ushahidi katika kesi ya shamba. Sitaki mama yeyote atumiwe hivyo.

Wapo watakaosema fedha ya sanamu inunue vitanda vya wodi ya wazazi. Ikiwa ni fedha ya halmashauri, nakubaliana nao kabisa: vitanda kwanza. Sanamu ichangiwe na wananchi wenyewe, hata ikichukua miaka. Na ionyeshe kazi, si kuwasili: mkunga wa jadi akimpokea mtoto, kwa maana mikono hiyo ilihudumia kila kabila. Chini yake yaandikwe majina ya wakunga yatakayotajwa na wazee katika mikutano ya mitaa, kwa mpangilio wa alfabeti, bila kabila wala mwaka wa kuhamia.